Kabla hujaweka samaki sebuleni, uliza nani atamla nani

Kuna homa mpya imetuingia sisi vijana wa mjini tuliomaliza chuo na kuanza kushika mshahara. Zamani mtu akipata kazi alinunua redio yenye spika mbili kubwa. Baadaye ikaja luninga bapa. Sasa ni tangi la samaki sebuleni, lenye taa ya bluu na mapovu yanayopanda juu polepole mgeni akiwa ameshika soda yake. Na siku hizi hata samaki wa maji baridi wameanza kuonekana ushamba. Watu wanataka maji ya chumvi na matumbawe, wanataka yule samaki wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe aliyejulikana dunia nzima kwa filamu ya Finding Nemo ya mwaka 2003.

Mimi sina ugomvi na tangi. Ugomvi wangu ni na swali ambalo watu wanaanzia. Rafiki zangu wakishajua kwamba niliwahi kuandika habari za uvuvi gazetini, wananiuliza, "Kaka, samaki gani mzuri?" Ndugu zangu, hilo ni swali la mtu anayenunua pazia. Anayenunua viumbe hai anatakiwa kuuliza jingine kabisa: samaki gani wanaweza kuishi pamoja katika maji haya niliyo nayo?

Na nasema bila kumung'unya maneno, kama kuna Watanzania wanaopaswa kulijua jibu la swali hili kabla ya wengine wote, ni sisi watu wa Mara. Mimi ni mtu wa Tarime. Kabla Rorya haijagawanywa na kuwa wilaya yake mwaka 2007, wilaya yetu ilifika mpaka ufukweni mwa Ziwa Victoria. Majirani zetu wa Serengeti hawana ziwa, lakini wana Mto Mara, sisi tukiwa ng'ambo yake ya kaskazini na wao kusini. Maji ya mto huo yanaishia ziwani, kwenye Ghuba ya Mara, jirani na Musoma. Kwa hiyo sisi na wao wote tunaishi kwenye bomba la kuingiza maji katika tangi moja kubwa sana, lenye ukubwa wa kilomita za mraba 68,800 hivi. Tangi hilo liliharibiwa na watu wazima wenye vyeti, waliofanya kosa lile lile linalofanywa leo na kijana dukani: walimtazama samaki mmoja mkubwa wakampenda, hawakuwauliza waliokuwemo.

Namzungumzia sangara. Wengi wetu tumekula sangara tangu utoto tukidhani amekuwepo tangu enzi za mababu. Hakuwepo. Aliletwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akitolewa katika maji mengine ya mto Nile, likiwemo Ziwa Albert. Hesabu ya waliomleta ilikuwa nyepesi. Ziwa lilikuwa limejaa furu, visamaki vidogo vyenye miiba ambavyo wazungu wa idara za uvuvi hawakuona faida yake. Wakasema tulete samaki mkubwa awale hawa wadogo, kisha sisi tumle yeye. Mwaka 1960 mtaalamu wa samaki, Geoffrey Fryer, aliyefanya kazi hapa hapa Afrika Mashariki, aliandika kupinga mpango huo na kueleza hatari yake. Hakusikilizwa.

Kwa muda ilionekana kama hakuna kilichotokea. Sangara alikaa kimya. Halafu ilipofika miaka ya 1980 akalipuka. Ziwa lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu, kila moja na chakula chake na mahali pake: wa kula mwani, wa kuvunja konokono, wa kula wadudu, wa kula mayai na watoto wa wenzao. Wataalamu wanakadiria kwamba karibu aina 200 zilitoweka katika muda mfupi. Uchafuzi wa maji na uvuvi wa kupindukia navyo vina mchango wao, lakini mdomo wa sangara ndio uliofanya kazi kubwa. Sangara akiachwa akue anaweza kukaribia urefu wa mita 2 na uzito wa kilo 200. Furu wengi hawazidi urefu wa kiganja. Ulitegemea nini?

Najua nitakayoambiwa: sangara ametuletea viwanda vya minofu Mwanza na Musoma, ametuletea fedha za kigeni. Sikatai. Ila tangi haliulizi kama mla wenzake anauzika. Linauliza watabaki wangapi.

Sasa turudi sebuleni kwako. Kanuni ya kwanza ya tangi la maji ya chumvi ni hiyo hiyo ya sangara: anayeenea mdomoni ni chakula. Usidanganywe na ukubwa wa leo. Chewa unayemnunua akiwa sawa na kidole, na madoa yake mazuri, ana mdomo mpana kuliko unavyodhani na anakua haraka. Mkunga anaonekana mpole kwa sababu mchana amejificha kwenye mawe. Usiku anatoka. Asubuhi unahesabu samaki, mmoja hayupo, unaanza kumshuku paka wa jirani. Kikande naye hata akiwaacha samaki wenzake atawavunjavunja kamba na kaa uliowanunua kwa bei mbaya, maana meno yake yameumbwa kwa kazi hiyo.

Kuna samaki mmoja wa bahari yetu ya Hindi ambaye habari yake inatuhusu zaidi. Ana mapezi marefu kama manyoya, mistari myekundu na myeupe, na miiba yenye sumu. Waingereza humwita samaki simba. Huku kwetu yuko kwao, ana maadui zake na mipaka yake. Wamarekani walimpenda kwa urembo wakawa wanamnunua kwa ajili ya matangi ya nyumbani. Mwaka 1985 akaonekana baharini Florida, ambako hakupaswa kuwepo. Wataalamu wanaamini kwamba aliachiwa na watu waliomfuga. Huenda ni wale waliochoka naye baada ya kuona amewala wenzake wote kwenye tangi, wakaona huruma kumuua. Leo ameenea Atlantiki ya magharibi, Karibiani na Ghuba ya Mexico, na anamaliza samaki wadogo wa matumbawe kwa namna ambayo mvuvi wa Musoma angeitambua mara moja. Wao wana sangara wao, na alipitia sebuleni mwa mtu.

Kwa hiyo mtu wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa mwenye tangi la chumvi lenye samaki kutoka mbali, nakuomba sana: ukichoka usimwage baharini. Ukiwa Tarime au Mugumu, samaki wa chumvi ukimtupa mtoni atakufa, hana madhara makubwa. Ila yule wa maji baridi uliyemnunua Nairobi akikimbilia kwenye kijito kinachoingia Mara, hujui ataishia wapi. Mtafutie mtu mwingine wa kumfuga, au mmalize kwa upole.

Kanuni ya pili ni ya ardhi. Hapa watani zangu watacheka, watasema Mkurya ndiye hasa wa kuzungumzia ugomvi wa mipaka. Chekeni. Anayedhani koo za Tarime zimekuwa zikipigana miaka yote kwa sababu ya ukali wa damu hajakaa akatazama ramani. Atazame malisho yamebaki kiasi gani, mashamba yameishia wapi na watu wameongezeka vipi. Chukua watu wapole wa popote uwabane hivyo, utaona.

Samaki wa matumbawe ni hivyo hivyo. Wako wadogo wa rangi ya bluu inayong'aa ambao wauzaji humpa kila anayeanza, kwa sababu bei yao ni ndogo na hawafi ovyo. Baharini kila mmoja ana jiwe lake na anayesogea anafukuzwa, akikimbia anayo bahari nzima ya kwenda. Kwenye tangi la lita 100 anakimbilia wapi? Anazunguka, anarudi pale pale, anang'atwa mapezi mpaka afe. Kangaja ana kitu kama kisu cha kukunja pande zote mbili za shina la mkia, na ukiweka wawili wa umbo moja watakionyesha kazi yake. Ugomvi mkali zaidi huwa kati ya wanaofanana, wenye rangi moja au chakula kimoja, maana ndio wanaogombea kitu kimoja.

Dawa ni mbili na zote ni za busara ya kawaida. Kwanza, waingize wapole mwanzo na wakorofi mwisho, maana aliyetangulia ndiye anayejiona mwenyeji. Pili, ukiongeza mgeni, hamisha mawe kidogo ili wote waanze kutafuta mahali upya.

Na huyo Nemo wenu? Ni chaguo zuri, kwa kweli. Ni mdogo, si mroho, anakubali kuishi wawili wawili na hakulazimishi kununua tangi la ukubwa wa bafu. Ila mjue mambo mawili ambayo filamu haikuwaambia. La kwanza, samaki hawa wote huanza maisha wakiwa madume. Mkubwa katika kundi ndiye anakuwa jike, na jike akifa, dume lake hugeuka jike. Kwa hiyo baba yake Nemo, mkewe alipoliwa, angeishia kuwa mama. La pili, yule wa filamu si wa kwetu, anatoka mashariki ya Bahari ya Hindi na magharibi ya Pasifiki. Sisi tuna ndugu zake katika matumbawe ya Zanzibar na Mafia, mmoja mwenye mstari mweupe unaopita mgongoni, mwingine mweusi-mweusi mwenye mistari miwili ya kushuka. Ni wazuri pia. Hawakupata msambazaji wa filamu tu.

Kanuni ya tatu ndiyo inayoua samaki wengi zaidi, na ndiyo ambayo hakuna anayetaka kuisikia kwa sababu haina rangi: uchafu. Mwezi Machi mwaka 2022 maji ya Mto Mara sehemu za chini, upande wa Kirumi, yaligeuka meusi yakanuka, na samaki wakaelea wamekufa. Kamati ya serikali iliyochunguza ilieleza kwamba oksijeni ilipungua majini kwa sababu ya kinyesi na mkojo wa mifugo mingi pamoja na mimea iliyooza. Jibu hilo lilizua mjadala mkali nchini, na wengi hawakuliamini. Mimi leo sihukumu kesi hiyo. Nasema tu kwamba kwa sayansi ya maji, kinyesi peke yake kinaweza kuua samaki. Upande wa Kenya wa mto huo huo kuna viboko zaidi ya 4,000. Watafiti walioandika mwaka 2018 walionyesha kwamba kinyesi chao hujikusanya kwenye vidimbwi, mvua kubwa ikija inakisukuma chote mtoni kwa mpigo, oksijeni inaporomoka na samaki wanakufa. Hapo hakuna mgodi wala sumu.

Sasa kama mto mzima unashindwa, lita 200 za sebuleni kwako zitaweza? Kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki hutoa amonia, ambayo ni sumu kwao. Wako bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ina nafuu na unaipunguza kwa kubadilisha maji. Bakteria hao hawauzwi pamoja na kioo. Wanahitaji wiki 4 mpaka 6 hivi kuota kwenye mawe na kwenye chujio kabla hujaweka samaki wa maana. Kijana wa mjini amenunua tangi Ijumaa na Jumamosi ana wageni. Unadhani atasubiri wiki 6? Anajaza samaki kumi siku hiyo hiyo, Jumatano wanaelea, analaumu muuzaji.

Na umeme? Maji ya uvuguvugu yenye chumvi hushika oksijeni kidogo kuliko maji baridi ya mtoni. Pampu ikisimama usiku kucha kwenye tangi lililojaa, unaamkia msiba. Kwa mtu aliyeko Tarime mjini au Mugumu, mamia ya kilomita kutoka baharini, ongeza pia gharama ya chumvi maalumu ya kuchanganya, gramu 35 hivi kwa kila lita, na siyo ile ya jikoni. Asiye na betri ya akiba ya kuendesha pampu, mimi namshauri asianze.

Kanuni ya nne ni chakula. Kitatange ni mmoja wa samaki wazuri kuliko wote baharini, lakini wengi wa jamii yake hula matumbawe yenyewe, yale hai. Ukimweka penye matumbawe atayala. Ukimweka pasipo na matumbawe atakataa chembe zako za dukani, atakonda mbele ya macho yako mpaka afe. Farasi wa baharini anakula polepole kama mzee asiye na meno, hivyo ukimchanganya na wenye pupa atashinda njaa huku chakula kikipita. Huyo ana haki ya tangi lake peke yake. Biashara yake kimataifa inadhibitiwa chini ya mkataba wa CITES tangu mwaka 2004, kwa hiyo anayekuuzia bila maelezo usimwamini.

Kwa ujumla muulize muuzaji samaki wake amevuliwa wapi na kwa njia gani. Pwani ya Kenya wako wavuvi ambao kwa miongo kadhaa wamezamia na vyandarua kuwakamata samaki wa mapambo wa kuuza nje, mmoja mmoja. Ufilipino na Indonesia imetumika sana sumu ya sianidi kuwalevya, na sumu hiyo inaua hata matumbawe. Aliyezaliwa kwenye tangi la mfugaji ni bora kuliko wote, amezoea chakula na hajaibwa popote.

Mkinibana niseme mimi ningeweka nini kwenye lita 200 za chumvi, nitasema: jozi moja ya hao jamaa wa Nemo, samaki wadogo wawili wa chini wanaochimba vishimo wasiofanana, kamba mmoja au wawili, konokono wa kusafisha kioo. Basi. Pataonekana patupu. Baada ya miezi 6 patakuwa bado pana samaki wale wale, na hiyo ndiyo sifa ya tangi zuri.

Lakini niwaambie lililo moyoni hasa. Wakulima wa kwetu wanaochimba mabwawa ya samaki wanalijua somo hili bila taa ya bluu. Sato akiachwa peke yake bwawani huzaana mpaka wote wanadumaa, ndiyo maana mfugaji mjuzi humchanganya na kambare ale vifaranga. Ila humweka kambare akiwa mdogo kuliko sato wazazi, maana akimzidi atakula mtaji. Huo ni uchaguzi wa samaki wanaoweza kukaa pamoja, na unafanywa na mtu mwenye jembe.

Na wale furu wetu? Wachache walijikongoja wakarudi tangu miaka ya 1990, sangara alipovuliwa sana. Baadhi ya aina nyingine zilizobaki zinatunzwa Ulaya na Marekani, kwenye matangi ya vioo ya makumbusho, bustani za wanyama na watu binafsi. Mtoto wa Ujerumani anaweza kumwona sebuleni kwao samaki ambaye mtoto wa Tarime hajawahi hata kumsikia jina. Kabla ya kukimbilia maji ya chumvi, kwa nini sisi tusiwe na matangi ya furu? Maji tunayo na gharama ni ndogo. Madume yao yana rangi nyekundu, buluu na njano zinazoshindana na za baharini. Kanuni ni zile zile. Usiwabane madume mengi, wanapigania eneo. Na usichanganye aina zinazokaribiana, maana majike huchagua waume kwa rangi. Watafiti walionyesha mwaka 1997 kwamba ziwa likichafuka rangi hazionekani tena na aina zinaanza kuchanganyika mpaka zinapotea. Tangi lako linaweza kufanya hivyo kwa mwaka mmoja.

Nataka kuona tangi moja la furu katika shule moja ya sekondari Tarime na jingine Mugumu, na mwalimu wa baiolojia amesimama mbele yake. Watoto wetu wanamjua Nemo kwa jina. Wawajue na hawa, halafu wakikua wakapewa ofisi za kuamua nani awekwe ndani ya maji ya nani, watauliza kwanza nani atamla nani.